Chujio la Nukta

Jumatatu hiyo feni ya ghorofa ya pili ilipuliza upande mmoja tu wa chumba, kwa hiyo wafanyakazi wa Kitengo cha Malalamiko cha Mamlaka ya Maji walikuwa wamesogeza meza zao zote upande huo, nusu nyingine ikabaki karibu tupu. Aliyebaki kwenye joto alikuwa mmoja, mwandishi wa skripti, yaani programu fupi za kompyuta, kwa sababu waya wa kompyuta yake haukufika kwingine. Wenzake walimwita Nukta. Katika kazi yake alama ya nukta husimama badala ya herufi yoyote ile, na yeye aliipenda sana alama hiyo, akaieleza hata kwa watu wasiomuuliza.

Kazi yake ilikuwa kutunga ruwaza. Ruwaza ni kamba fupi ya herufi na alama. Ukiipa kompyuta, inapekua maandishi yote na kukutolea yale tu yenye sura uliyoitaka, iwe namba za simu, tarehe au majina. Asiyeijua akiiona husema paka amekanyaga kibodi. Nukta aliijenga kipande kwa kipande. Kila kipande alikipa jina, akakijaribu peke yake, ndipo akakiunganisha na mwenzake. Ruwaza ikikamilika aliiandaa mara moja tu, akaihifadhi mahali pa wote, na tangu hapo kila skripti iliyoihitaji iliiita kwa jina. Ukibadilisha pale, umebadilisha kote. Watu wanaoandika kitu kilekile mara mbili aliwaita wavivu wenye bidii, na hakuwaonea haya.

Meneja wa kitengo alimjia na kikombe chake cha chai.

"Nukta, kazi inaendaje?"

"Inaenda, bosi."

"Sasa, hizi jumbe za maji zimezidi. Mwisho wa mwezi bodi inakaa, na mimi siwezi kwenda pale na mlima. Nitungie kitu kizikamate zikiingia tu, zihesabiwe zimeshughulikiwa."

"Zimeshughulikiwa na nani?"

"Na wewe. Ukishazikamata, umezishughulikia."

Mamlaka nzima ilijua tatizo liko wapi. Bomba la taka la kiwanda cha ngozi lilipita juu ya bomba la maji ya mtaa, na mahali yalipopishana palikuwa na ufa. Fundi bomba alishaukagua, akaupiga picha, akautia mkono ili apime upana wake, kisha akaugua mkono. Kuuziba kulihitaji kiwanda kifungwe kwa wiki moja, na mwenye kiwanda alikuwa mjumbe wa bodi. Hapo mazungumzo yalikuwa yanaishia kila mara, na watu wanarudi kwenye chai.

Aibu ilimjia Nukta, akaikalia, kwa sababu fumbo lenyewe lilikuwa tamu kulifumbua. Alitunga kipande cha kwanza: maji. Akatunga cha pili, kipande cha ubaya, chenye maneno yaliyotenganishwa kwa mstari uliosimama, ambao katika ruwaza humaanisha "au": yananuka, au machafu, au yana rangi, au yana matope, au yana minyoo. Akaviunganisha, akavijaribu kwenye jumbe za wiki iliyopita, na hakuna hata mmoja uliopenya. Ruwaza akaiita chujio, akaihifadhi mahali pa wote.

Mahali pa wote ni pa wote kweli. Kufikia alasiri chujio lilikuwa limeshatoka kwenye kompyuta na linatumika dirishani.

Karani wa dirishani, mtu mpole mwenye mhuri, alikuwa akimhudumia mwalimu mmoja wa shule ya msingi. "Nimekuja kwa sababu," alisema mwalimu, kisha mdomo wake ukaendelea kutembea bila sauti, na sauti ikarudi kwenye "tangu mwezi jana."

"Pole sana, mwalimu. Kitu gani tangu mwezi jana?"

Mwalimu akarudia. Sauti ikakatika palepale. Akaomba kalamu, akaandika, na wino ukakauka ukatoweka kwenye maneno mawili, yale mengine yakabaki. Karani alisoma yaliyobaki kwa makini, hakuona lalamiko, akagonga mhuri. Aliyefuata naye ilikuwa hivyohivyo. Watu walilichukulia jambo hilo kama wanavyochukulia umeme kukatika: walisonya, wakaulizana kama na kwa jirani ni hivyo, wakaenda zao.

Nukta aliishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Shangazi alikuwa dobi. Alifua sare nyeupe za wauguzi wa hospitali, na tangu ufa ule utokee sare zilikuwa zinaingia kwenye beseni nyeupe na kutoka rangi ya chai. Wauguzi wawili walishahamia kwa dobi mwingine. Mjukuu wa muuza mkaa wa mlango wa pili alikuwa wodini kwa tumbo, akihudumiwa na wauguzi walewale. Shangazi alikuwa ameapa kwamba atalisema jambo hili mpaka bomba lizibwe au yeye azikwe, lolote litakalotangulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa hapo, usivue viatu kwanza. Leo nimekwenda ofisini kwenu." Alikuwa anakamua shuka. "Nimefika dirishani nikamwambia yule bwana kwamba," na mdomo ukatembea bila sauti. "Umeona? Nikilifikia tu, linapotea. Mengine yote nayasema. Naweza kumtukana huyo Meneja wenu tangu nywele mpaka kisigino, neno kwa neno, silegei. Hilo moja tu ndilo linagoma. Nani kanifunga mdomo?"

"Mimi, shangazi."

Shangazi alimaliza kukamua. Akaitandaza shuka kambani, akaibana pande zote.

"Wewe."

"Niliagizwa. Ni kazi."

"Hata mwizi akiamka anasema anakwenda kazini. Kikulacho ki nguoni mwako! Na mimi nashinda na nguo mchana kutwa, sikukiona."

Nukta alilia palepale, mbele ya beseni, bila kujificha. Alisema kesho asubuhi ataliondoa.

"Usithubutu," alisema Shangazi. "Ukiliondoa watamtafuta mwingine, na huyo mwingine sitamlisha mimi wala kumgombeza. Futa makamasi. Nichoree linavyofanya kazi."

Nukta alichora kwa kidole juu ya povu la sabuni: kipande cha kwanza, kipande cha pili, mstari uliosimama. Shangazi alitazama hadi povu likapasuka lote.

"Kwa hiyo linataka vyote viwili, neno na ubaya wake. Nikisema kimoja, napita."

"Unapita."

"Haya. Tutaona nani atachoka mwanzo."

Siku iliyofuata mtaa mzima ulipiga simu Mamlaka. Kila aliyepiga alisema "maji," kisha akafinya pua na kupumua kwa nguvu. Waliofika dirishani walisema "maji," wakaweka kikombe kaunta, wakamtazama karani machoni. Jumbe zenye neno hilo moja ziliingia mpaka simu ya ofisi ikapata moto.

Meneja alisimama nyuma ya kiti cha Nukta. "Nataka likamate hata kama hawajasema ubaya."

"Hilo ni rahisi, bosi. Naweka alama ya kuuliza baada ya kipande cha ubaya. Maana yake, kiwepo kisiwepo, kamata. Lakini neno lenyewe litaondoka kila mahali."

"Liondoke."

Likaondoka. Kibao kikubwa juu ya lango kikabaki kimeandikwa Mamlaka ya, na wafanyakazi wakipokea simu walisema "Mamlaka ya, habari za asubuhi." Mikahawani wateja walinyoosha kidole kwenye jagi. Zimamoto walifika kwenye moto, wakaombwa kwa ishara walete walichokuja nacho. Gazeti moja liliacha pengo kila neno lilipotakiwa kuwapo, wasomaji wakalijaza kichwani bila shida.

Mtaa ukahamia kwenye neno jingine. "Mgeni kaja leo na viatu vya matope," walisema. "Mgeni huyu haogi?" Nukta aliagizwa aongeze mgeni, akaongeza, kazi ya mstari mmoja uliosimama. Tangu siku hiyo milango ikigongwa mama mwenye nyumba alifungua, akaandaa chai, akatandika kitanda, wala asiweze kumwambia mumewe amefikiwa na nani.

Jioni hiyo Shangazi aliwaita majirani kwenye kamba zake za nguo. Muuza mkaa alikuja, fundi viatu akaja, mwalimu akaja na madaftari ya kusahihisha.

"Tatizo letu," alisema Shangazi, "tunampa huyo bwana mkubwa afute vitu ambavyo si vyake. Mtu ukimnyang'anya jirani yake kitu, yeye atalala usingizi. Tumpe cha kwake."

"Kipi?" akauliza fundi viatu.

"Cheo. Ndicho anachokipenda kuliko mkewe." Akafungua bomba, likakohoa, likatema. "Tazameni. Meneja huyo anatoka. Meneja leo ana rangi ya kahawa."

Fundi viatu alicheka mpaka akaketi chini. Muuza mkaa hakucheka, maana alikuwa ametoka wodini, lakini ndiye aliyetuma ujumbe wa kwanza: Nimemchemsha Meneja mara mbili, bado ana minyoo. Kufikia asubuhi zilikuwa zimeingia nyingi. Meneja ananuka tangu alfajiri. Meneja amepita kwenye nguo zangu, zimeharibika. Jamani, Meneja anaziba ndoo. Mwanangu amemnywa Meneja, anatapika.

Meneja alizisoma zote akiwa amesimama. Shingo yake ikavimba.

"Ongeza hilo neno."

"Bosi, nikiliongeza, hutaitwa tena."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ongeza."

Nukta aliongeza, na hatasingiziwa kwamba alifanya kwa huzuni. Kibao cha shaba kwenye mlango wa ofisi ile kikawa cheupe. Benki ikakataa saini yake, kwa kuwa chini ya saini palitakiwa cheo na cheo hakikushika karatasi. Kwenye kikao cha bodi mwenyekiti alipotaka kumpa nafasi ya kusema alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akatazama huku na huku, akapita ajenda. Wajumbe walipofika kwenye mengineyo walikubaliana kwamba nafasi ile iko wazi na itangazwe. Mwenyewe alikuwa ameketi palepale, kati ya mhasibu na mwenye kiwanda cha ngozi, na taarifa yake mkononi.

Alirudi ofisini jasho likimtiririka, akaenda moja kwa moja upande wa joto.

"Sasa nisikilize vizuri. Sitaki tena neno mojamoja. Tunga ruwaza ya kukamata kila kitu. Chochote anachosema mtu yeyote."

"Hiyo ni nukta na nyota, bosi. Herufi yoyote, kwa wingi wowote. Itachukua na salamu. Itachukua majina ya watoto."

"Ichukue. Nataka kimya. Watu wakishanyamaza kabisa tutaanza upya na maneno tutakayowapa sisi. Na kama huwezi, nje kuna foleni ya wanaoweza."

Hasira ilimpanda Nukta. Haikuwa ile ya kupiga kelele. Ilikuwa ile inayomfanya mtu aandike vizuri. Alimfikiria Shangazi akitembeza mdomo bila sauti juu ya beseni, mwanamke ambaye ulimi ndio ulikuwa mali yake yote, na wa kumnyang'anya alikuwa mtoto aliyemfundisha kusema. Akalifungua chujio. Kwanza akaifuta ile alama ya kuuliza, ili kipande cha ubaya kiwe cha lazima tena. Kisha akaenda mwanzoni kabisa mwa ruwaza akaongeza alama ya kugeuza. Ni alama ndogo. Ruwaza iliyokuwa inasema "kamata hili" ikawa inasema "kamata lolote lisilokuwa hili."

"Liwalo na liwe," alisema kwa sauti, akahifadhi.

Meneja aliuliza kama imekuwa tayari. Hakusikika. Akauliza kwa ukali, hakusikika pia, akapiga meza, na meza peke yake ndiyo iliyosikika. Aliridhika kidogo, akidhani kimya alichokiagiza kimefika. Ndipo kutoka chini, dirishani, ikapanda sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, ambaye siku zote hizo alikuwa anakuja na kutembeza mdomo:

"Maji yananuka!"

Ilipanda ngazi, ikapita korido, ikaingia kila chumba. Mwalimu mwenyewe aliisikiliza, kisha akairudia mpaka akachoka.

Mji mzima ukabaki na maneno hayo, na ndugu zake. Mtu aliweza kusema maji, au mgeni, au Meneja, mradi amalizie kwa kunuka, au uchafu, au rangi, au matope, au minyoo. Mengine yote yalikufia mdomoni. Siku chache za kwanza watu walibubujika bila sauti, wakakasirika, wakaonyeshana vidole. Baadaye wakatambua kwamba kilichobaki kinatosha kama mtu akipanga vizuri sauti yake. Neno ukilivuta kwa upole lilikuwa pole. Ukilikata fupi lilikuwa bei. Mtangazaji wa mpira, bao likiingia, alipiga ukelele kwamba Meneja ana minyoo, na uwanja ukaitikia. Bwana harusi alimtazama bibi harusi akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba mgeni mchafu, bibi harusi akakubali kwa kusema vilevile, na shahidi mmoja akalia.

Meneja alimwandikia Nukta barua ya kumfukuza kazi. Ilikuwa barua ndefu yenye vifungu, na katikati yake palikuwa na maelezo kwamba kosa lake ni kuwaruhusu wananchi kusema maji yananuka. Wino wote ukatoweka isipokuwa maneno hayo mawili. Nukta aliipokea, akaisoma, akaiweka pamoja na malalamiko mengine, akaendelea na kazi.

Kulifuta chujio kulikuwa kazi ya vitufe vichache, na mwenye kujua vitufe hivyo alikuwa mmoja. Meneja alifika mezani kwake, mara hii bila chai, akakunja mikono kifuani, akamwomba kwa macho. Nukta alinyoosha kidole nje ya dirisha la chumba, kwenye bomba la moshi la kiwanda cha ngozi, kisha akakishusha mpaka ardhini, mahali penye ufa. Meneja alipatazama. Akatikisa kichwa. Akarudi ofisini kwake, akafunga mlango, na alasiri yote alisikika akijifunza kuyatamka maneno yale: mara kwa cheo, mara kwa unyenyekevu, mara kwa sauti ya mtu anayeombwa saini.

Bodi ilikaa kama kawaida. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kusema maji yananuka. Mhasibu akasoma hesabu, maji yana rangi, maji yana matope, zikapitishwa. Mwenye kiwanda cha ngozi alisimama akaeleza kwa ufasaha, mkono mmoja mfukoni, kwamba maji yana minyoo, na wajumbe wakampigia makofi. Ufa ukabaki palepale. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kujifunza lugha nyingine kuliko kufunga kiwanda kwa wiki moja.

Mjukuu wa muuza mkaa hakurudi kutoka wodini. Waliokwenda kuzika walisema maji machafu, polepole, mmoja baada ya mwingine, wakimshika babu mkono. Nukta na Shangazi walitembea kurudi nyumbani. Mlangoni Nukta aliinama kidogo, kama anayetoa shikamoo, akasema maji yananuka. Shangazi akamwitikia maji yananuka, kwa ule mvuto wa marahaba, na kwa mara ya kwanza tangu ufa utokee sauti yake ilikuwa ndogo.

Asubuhi alivaa vizuri. Alichukua sare moja ya muuguzi, rangi ya chai, ikiwa bado mbichi, akaenda nayo Mamlaka. Alipanga foleni, zamu yake ikafika, akaitandaza sare juu ya kaunta. Ikachuruzika hadi sakafuni.

"Maji yananuka," alisema Shangazi.

"Maji yananuka!" akaitikia karani kwa uchangamfu, akiwa amesimama nusu kwa heshima ya umri wake, na akagonga mhuri.

Shangazi hakuondoka. Nyuma yake mtu alikohoa, mwingine akamwambia kwa adabu kwamba mgeni ana matope, maana yake mama tupishe. Akavuta kiti cha wageni, akakiweka mbele ya dirisha, akaketi, akashika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Maji yananuka," alisema tena, na haikuwa salamu.